Wacheki walipewa hisa za viwanda vyao. Mbona hawakuwa wenye viwanda?

Mlei_wa_Uchumi aliuliza:

Wanajukwaa, salamu kwenu. Ninaandaa mada ya kuwasilisha kwa wenzangu (sisi ni kikundi cha watu wa hesabu na ukaguzi tunaokutana kila mwezi, wala hatuna mchumi hata mmoja) kuhusu namna nchi za Ulaya Mashariki zilivyogawa au kuuza mali za umma baada ya ukomunisti kuanguka. Nimeanza na Chekoslovakia kwa sababu habari yake ndiyo iliyonishangaza kuliko zote. Huku kwetu Tanzania, tulipoanza kubinafsisha mashirika ya umma mwaka 1992, ubishi mkubwa ulikuwa juu ya nani auziwe: mgeni mwenye mtaji au mzawa asiye nao. Wao walilikwepa swali hilo kabisa. Walisema mali hii ni ya wananchi wote, basi wagawiwe wananchi wote.

Ninavyoelewa hadi sasa ni hivi. Kila raia mkazi aliyetimiza miaka 18 aliruhusiwa kununua kitabu cha kuponi kwa koruna 35, akabandika humo stempu ya koruna 1,000, jumla ikawa takribani robo ya mshahara wa wastani wa mwezi kwa wakati ule. Kitabu hicho kilimpa pointi 1,000, ambazo hazikuwa fedha wala hazikuweza kununua mkate, ila ziliweza kuomba hisa za kampuni zilizotangazwa. Katika awamu ya kwanza, mwaka 1992, walijitokeza watu wapatao milioni 8.5 katika nchi yenye watu milioni 15 na ushei, na kampuni zilizogawiwa zilikuwa 1,491. Baada ya nchi kugawanyika tarehe 1 Januari 1993, Ucheki peke yake iliendesha awamu ya pili yenye kampuni 861 na washiriki zaidi ya milioni 6.

Sasa ndipo ninapokwama. Ikiwa karibu kila mtu mzima alikuwa mwanahisa, ilikuwaje miaka mitano baadaye kampuni nyingi zikawa mikononi mwa watu wachache, nyingine zimebaki makapi, na neno linalovuma katika magazeti yao likawa ni "kuchimba handaki"? Walioibiwa waliibiwa na nani hasa, maana mwizi wa hisa ni mtu gani? Nawaomba pia nisijibiwe kwa "uroho wa ubepari" wala "ujinga wa wananchi". Majibu hayo nimeshayapata kwingine, na hayakunisaidia kuchora hata mshale mmoja kwenye slaidi zangu.

Karani_wa_Hisa alijibu:

Ndugu Mlei, swali lako la mwizi wa hisa ndilo mlango wa nyumba nzima, kwa hiyo niingilie hapo. Hisa hazikuibwa. Kwa wananchi walio wengi zilibaki katika majina yao, tena katika daftari la serikali lisilo na dosari. Kilichohamishwa ni mashine, maghala, fedha za mauzo na majengo ya mjini, yaani vile vitu ambavyo ndivyo vilivyoipa hisa thamani. Mtu akishabeba udongo wa shamba lako, hana haja ya kukunyang'anya hati.

Turudi nyuma kidogo kwenye mnada, kwa kuwa wengi huuruka. Katika raundi ya kwanza bei ilikuwa moja kwa kampuni zote: pointi 100 kwa hisa 3, iwe ni kampuni inayouza nje na kulipwa fedha za kigeni au kiwanda ambacho mnunuzi wake mkuu, Umoja wa Kisovyeti, amekwisha kufa. Maombi yakiwa pungufu ya hisa zilizopo, kila mwombaji alipata, na zilizobaki zilishushiwa bei kwa ajili ya raundi iliyofuata. Maombi yakizidi hisa kwa zaidi ya robo, hakuna aliyepata. Pointi zilirudishwa kwa wenyewe na bei ikapandishwa. Raundi zilikuwa tano, kuanzia Mei hadi Desemba 1992. Kama utaratibu wa kutafuta bei mahali pasipo na fedha wala soko, mimi nauona ulikuwa wa akili nyingi, na Dušan Tříska, aliyekuwa miongoni mwa wasanifu wake wakati Václav Klaus akiwa Waziri wa Fedha, anastahili sifa yake. Ubovu haukuwa kwenye mnada.

Ubovu ulianzia kwenye swali dogo ambalo kila mwenye kitabu alijiuliza akiwa mezani kwake jikoni: mimi fundi wa bomba, mimi mwalimu wa darasa la tatu, nitajuaje kampuni ipi ni nzima na ipi ni mgonjwa, wakati hesabu zake zote zimeandikwa kwa bei zilizopangwa na tume ya mipango? Watu walisita. Hadi mwanzoni mwa Januari 1992 waliojisajili walikuwa wachache kiasi cha kuitia serikali wasiwasi. Kilichogeuza upepo hakikuwa hotuba ya waziri, bali ni matangazo ya televisheni ya mifuko ya uwekezaji (yaani kampuni zilizokusanya pointi za watu na kuwachagulia hisa), na hasa ya mfuko mmoja ulioanzishwa na kijana wa miaka 28, Viktor Kožený, mzaliwa wa Praha aliyehama nchi, akasoma Marekani na kurudi baada ya 1989. Kampuni yake aliiita Harvard Capital and Consulting, ingawa Chuo Kikuu cha Harvard hakikuwa na mkono ndani yake. Aliahidi kwamba atakayempa pointi zake ataweza, baada ya mwaka mmoja na siku moja, kumuuzia hisa za mfuko kwa koruna 10,350, yaani mara kumi ya alichotoa. Mifuko mingine ilishindwa kukaa kimya, nayo ikaanza kuahidi. Foleni zikajaa. Mwisho wa yote, mifuko zaidi ya 400 ilikusanya asilimia 72 hivi ya pointi zote za awamu ya kwanza, na ile michache iliyokuwa mikubwa ilichukua sehemu kubwa ya hizo.

Kwa hiyo katika slaidi yako ya kwanza usichore mshale kutoka kwa mwananchi kwenda kwenye kiwanda. Chora kutoka kwa mwananchi kwenda kwenye mfuko, kutoka kwenye mfuko kwenda kwa kampuni inayousimamia mfuko, na kutoka hapo ndipo uende kiwandani. Fedha zinavuja kwenye ule mshale wa kati.

Chukua mfano wa kubuni. Mfuko una asilimia 20 ya hisa za kiwanda cha nguo, ambacho ndicho kiwango cha juu sheria ilichoruhusu. Meneja wa mfuko hana hisa hata moja ndani yake. Yeye hulipwa ada, ambayo kwa mwaka haikuruhusiwa kuvuka asilimia 2 ya mali za mfuko. Akikihangaikia kiwanda kikafufuka, faida itakwenda kwa maelfu ya watu asiowajua, naye ataambulia sehemu ndogo ya ile asilimia 2. Akiziuza hisa hizo nusu bei kwa kampuni iliyosajiliwa Cyprus, ambayo kwa siri ni yake mwenyewe au ya shemeji yake, ile nusu nyingine ni yake leo hii. Jambo hilo lilimalizika mchana kweupe, kwa sababu biashara nyingi za hisa zilifanyika nje ya soko kwa bei za maelewano, na kwa miaka kadhaa hakukuwa na sharti la kumtangaza anayekusanya hisa kimyakimya. Wakurugenzi wa viwanda nao walikuwa na njia yao: mkurugenzi anaanzisha kampuni binafsi mtaa wa pili, kiwanda kinaiuzia bidhaa chini ya gharama, kampuni inaziuza kwa bei ya soko, na hasara yote inabaki kiwandani. Wacheki waliliita hilo *tunelování*, kuchimba handaki, kwa maana jengo linaonekana limesimama kama jana ilhali chini yake hakuna kitu.

Machi 1997 mifuko ya kundi la CS Fondy ilikombwa zaidi ya koruna bilioni moja kwa mikupuo michache tu. Kožený mwenyewe alikuwa ameshahamia Bahamas zamani, na mwaka 2010 mahakama ya Praha ilimhukumu kifungo cha miaka 10 bila yeye kuwepo.

Mkaguzi aliye kwenye kikundi chenu atauliza msimamizi alikuwa wapi. Soko la hisa la Praha lilianza biashara Aprili 1993. Tume ya kusimamia masoko ya dhamana ilianza kazi Aprili 1998. Miaka mitano katikati hapo kazi hiyo ya usimamizi ilikuwa ya ofisi ndani ya Wizara ya Fedha, wizara ileile iliyokuwa na haraka ya kumaliza ugawaji.

Bint_Mwinyi_Brno alijibu:

Kaka Mlei, mimi si mchumi, lakini niliolewa hapa Brno, Ucheki, mwaka 2003 na habari hizi nimezisikia mezani kwa wakwe zangu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, kwa kuwa nyumba yao iligawanyika pande mbili juu ya suala hili hili. Mama mkwe alikuwa muuguzi, naye pointi zake zote aliupa mfuko mmoja uliotangazwa sana. Baba mkwe alikuwa fundi mitambo, akakataa kabisa mambo ya mifuko. Alisema yeye anakijua kiwanda anachofanyia kazi, anajua hata mashine gani ina ufa, na pointi zake zote akaziombea hisa za kiwanda hicho.

Vitabu vyenyewe bado viko kwenye droo ya kabati la sebuleni, pamoja na vyeti vya ubatizo na kadi za chanjo za watoto. Ni vijitabu vyembamba kama daftari la akiba la posta. Jambo lililonishangaza nilipoonyeshwa ni kwamba hakuna cheti cha hisa. Mimi nilizoea kwamba mwenye hisa ana karatasi yenye muhuri anayoweza kuitia kwenye fremu. Hisa hizi hazikuchapishwa kabisa. Zilikuwa maandishi kwenye kompyuta ya kituo cha taifa cha dhamana, na mwananchi aliletewa taarifa ya hesabu yake kwa posta, mistari miwili mitatu yenye namba.

Mama mkwe anasema mfuko wake ulibadilisha jina mara mbili. Mara ya pili ilikuwa mwaka 1996, na barua ilieleza kwamba mfuko sasa utakuwa kampuni ya kawaida ya kumiliki mali, kwamba mabadiliko hayo ni kwa manufaa ya wanahisa, na kwamba mkutano mkuu utafanyika siku ya Jumatano saa tatu asubuhi katika mji ulio mwendo wa saa mbili kwa treni. Aliomba ruhusa kazini, akaenda. Mlangoni aliambiwa kwamba taarifa ya hesabu aliyoshika ni ya miezi mingi iliyopita na kwamba alipaswa kuleta mpya. Akakaa kwenye mgahawa wa stesheni mpaka treni ya mchana. Baadaye alikuja kuelewa kwamba mkutano ule ndio ulioutoa mfuko kwenye sheria ya mifuko, ambayo iliweka mipaka na ukaguzi, na kuupeleka kwenye sheria ya kampuni za kawaida, ambako meneja hakuwa na mtu wa kumuuliza. Hisa zake aliziuza mwaka uliofuata kwenye dirisha la wakala. Kwa fedha alizopata alimnunulia mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa kidato cha pili, viatu vya majira ya baridi.

Naomba nisieleweke kwamba mama mkwe anajiona mjinga. Ukimuuliza, atakuambia aliwekeza koruna 1,035 na akapata viatu, kwa hiyo hakupoteza. Kinachomuudhi mpaka leo ni ile Jumatano.

Nahodha_Mstaafu alijibu:

Wote mmesema vizuri, lakini naona mazungumzo yanaelemea upande mmoja, na ndugu Mlei akiyachukua hivi yalivyo atawapotosha wenzake. Tuulize walikuwa na njia gani nyingine mwaka 1991. Katika nchi ile zaidi ya asilimia 95 ya uzalishaji ilikuwa mikononi mwa dola na vyama vya ushirika; hata kinyozi na muuza maua walikuwa watumishi wa umma. Akiba za wananchi wote zikiwekwa pamoja zisingetosha kununua hata sehemu ndogo ya viwanda hivyo kwa bei ya vitabuni. Wageni walitaka vile vizuri tu. Volkswagen iliichukua Škoda ya magari mwaka 1991 kwa mazungumzo ya moja kwa moja, na matokeo yake kila mtu anayaona barabarani, lakini foleni ya wageni wanaotaka viwanda vya zana nzito vya miaka ya 1950 haikuwepo.

Kuchelewa nako kulikuwa na gharama. Wakurugenzi wa zamani hawakuwa wanangoja. Kila mwezi uliopita pasipo mmiliki anayejulikana, walikuwa wanahamisha mali taratibu kwenye kampuni zao. Mtu anayesema wangetunga sheria kwanza, kisha wagawe, anadhani kwamba mali ingekaa kimya ikisubiri bunge. Serikali ilichagua mwendo wa haraka ikijua kuna uchafu utakaotokea, na katikati ya miaka ya 1990 sekta binafsi ilikuwa imefikia karibu robo tatu ya pato la taifa. Hata mifuko yenyewe haikuwa yote ya wezi. PPF, iliyoanzishwa na Petr Kellner mwaka 1991 kama mfuko mmoja kati ya ile mamia, ilikua ikawa kundi kubwa la uwekezaji linaloendesha shughuli katika nchi nyingi. Unaweza kumpenda au kumchukia marehemu Kellner, lakini huwezi kusema hapakujengwa kitu.

Mkitaka kuona ubinafsishaji wa kuponi ulioharibika kweli, tazameni Urusi. Kule vocha ya rubo 10,000 ilianza kugawiwa Oktoba 1992 katikati ya mfumuko wa bei uliokuwa unaila kila wiki, na Anatoly Chubais, aliyesimamia ubinafsishaji wa Urusi, aliahidi kwamba siku moja itafikia thamani ya magari mawili ya Volga. Sheria iliwaruhusu menejimenti na wafanyakazi wachague utaratibu wa kujichukulia asilimia 51 ya kampuni yao kwanza, na kampuni nyingi zikachagua huo, maana yake mkurugenzi wa zamani akabaki kwenye kiti chake huku akishika kura za watu anaowalipa mishahara. Kisha mwaka 1995 ikaja mikopo kwa dhamana ya hisa: mabenki machache yaliikopesha serikali, serikali haikulipa, na mabenki yakabaki na kampuni kubwa kama Norilsk Nickel ya nikeli na Yukos ya mafuta kwa bei ya kutupa. Slovakia nayo, baada ya kutengana, serikali ya Vladimír Mečiar iliifuta awamu ya pili ya kuponi mwaka 1995, ikawapa wananchi hati fungani, na kampuni zenyewe ikawauzia watu wa karibu nayo. Kiwanda cha chuma cha Košice kilipitia mikono ya namna hiyo hadi kilipochukuliwa na Wamarekani wa US Steel mwaka 2000. Ukiwalinganisha na majirani hao, Wacheki waliiba kwa adabu.

Karani_wa_Hisa alijibu:

Mzee wangu Nahodha, "waliiba kwa adabu" nimeipokea kwa kicheko, lakini umechagua majirani wa kulinganisha nao. Upande wa pili wa mpaka kuna Poland, ambayo ilitoka katika mfumo uleule, tena ikiwa na madeni makubwa na mfumuko wa bei mkali kuliko Wacheki.

Soko la hisa la Warszawa lilifungua kazi tarehe 16 Aprili 1991 kwa kampuni tano tu, likifanya biashara mara moja kwa wiki, ndani ya jengo lililokuwa makao makuu ya chama cha kikomunisti. Kampuni tano. Sheria ya dhamana na tume ya kuisimamia vilikuja mwezi uliotangulia, Machi 1991. Soko la Praha, kwa upande wake, lilipakiwa kampuni za kuponi kwa mamia, na kufikia 1995 lilikuwa na zaidi ya 1,600 kwenye orodha. Mwaka 1997 lilibidi liziondoe zaidi ya 1,000 kwa sababu hazikuwa na biashara yoyote ya maana. Ukiwa na kampuni tano na msimamizi mwenye meno, kampuni ya sita inajua inaingia kwenye nyumba yenye masharti. Ukiwa na 1,600 na ofisi moja ya wizara, umempa fisi bucha na ufunguo wa mlango wa nyuma.

Poland nayo ilikuwa na kuponi zake, ila ilizichelewesha kwa ubishi wa bungeni hadi 1995. Zilihusu kampuni 512 tu, zikawekwa chini ya mifuko 15 iliyoundwa na serikali yenyewe, na raia alilipa zloti 20 kupata cheti kimoja. Kila kampuni ilipewa mfuko kiongozi wenye asilimia 33 ya hisa, ili awepo mtu mmoja anayewajibika. Mifuko mingine iligawana 27, wafanyakazi 15, hazina 25. Mifuko hiyo haikung'ara, na ada za mameneja wake zililalamikiwa sana. Lakini haikuwa na nafasi ya kuzamisha uchumi mzima, kwa kuwa haikuwa imebebeshwa uchumi mzima.

Sasa niseme lile ambalo nililiruka katika jibu langu la kwanza, nalo ni zito kuliko Kožený na mahandaki yote. Mifuko mikubwa kabisa ya Ucheki, ukiondoa Harvard, ilianzishwa na mabenki: Česká spořitelna, Komerční banka, Investiční banka na wenzao. Na mabenki hayo yenyewe yaliendelea kuwa na hisa kubwa za dola, zilizoshikwa na Mfuko wa Mali ya Taifa. Fuatilia duara hilo kwa kidole. Dola inagawa kiwanda. Wananchi wanaupa pointi mfuko. Mfuko ni wa benki. Benki ni ya dola. Kiwanda kikishindwa kulipa mkopo, benki ikikifilisi inaumiza mfuko wake yenyewe, na serikali ambayo ndiyo mmiliki haitaki kuona wafanyakazi 3,000 barabarani kabla ya uchaguzi. Kwa hiyo benki inaongeza mkopo mwingine wa kulipia ule wa kwanza. Hiyo ndiyo sababu ukosefu wa ajira Ucheki ulikuwa mdogo mno katikati ya miaka ya 1990, jambo ambalo Klaus, wakati huo Waziri Mkuu, alijivunia kila alikokwenda, na hiyohiyo ndiyo sababu mabenki yalijaa mikopo chechefu, yaani isiyolipika.

Mei 1997 koruna ilishambuliwa sokoni, Novemba serikali ya Klaus ikaanguka, na baada ya hapo mabenki yakasafishwa kwa fedha za umma na kuuzwa nje moja baada ya nyingine: ČSOB kwa KBC ya Ubelgiji mwaka 1999, Česká spořitelna kwa Erste ya Austria mwaka 2000, Komerční banka kwa Société Générale ya Ufaransa mwaka 2001. Ile benki iliyokuwa imekwenda mbali kuliko zote kwa kujitanua kupitia mifuko yake, IPB (mrithi wa ile Investiční banka), Juni 2000 iliingiliwa makao makuu na polisi wenye silaha, na siku tatu baadaye ikawa mikononi mwa ČSOB. Mlei, hapo una mshale wako wa mwisho, nao unarudi kwa mwananchi: alilipa koruna 1,035 mwaka 1992 kwa hiari, kisha akalipa tena kwa njia ya kodi bila kuulizwa.

Mlei_wa_Uchumi alijibu:

Nawashukuru sana, na nimekwisha kuchora mishale minne. Jambo la msimamizi kutangulia soko limenifanya nitazame nyumbani: kwetu sheria ya masoko ya mitaji na dhamana ilitungwa 1994, na Soko la Hisa la Dar es Salaam likaanza biashara Aprili 1998 kwa kampuni moja, TOL. Wakati ule wengi tulilicheka kwa kuwa soko la duka moja. Sitalicheka tena mbele ya wakaguzi.

Dada Bint, naomba unimalizie habari. Mama mkwe aliuza kwa bei ya viatu. Baba mkwe, aliyekwenda moja kwa moja kwenye kiwanda chake bila mfuko, yeye aliishia wapi? Maana kwa maelezo ya Karani, huyo ndiye aliyeruka mshale unaovuja.

Bint_Mwinyi_Brno alijibu:

Aliuruka, lakini wengine hawakuuruka. Yeye na mafundi wenzake walikuwa na hisa chache chache, ilhali mifuko mitatu ilikuwa na zaidi ya nusu ya kiwanda kwa pamoja. Mifuko hiyo iliuza, aliyenunua akauza tena, na mwishoni mwa miaka ya 1990 mmiliki mkuu alikuwa kampuni ambayo baba mkwe hakuwahi kumwona mtu wake hata mmoja. Karakana ya kuyeyushia chuma ilifungwa. Kiwanja chake, kilichokuwa karibu na reli, kikauzwa. Yeye hakuuza. Kila mwaka alihudhuria mkutano mkuu akiwa na taarifa mpya ya hesabu mfukoni, kwa kuwa kisa cha mkewe kilimfunza, na kila mwaka aliinua mkono kupinga hesabu, akashindwa kwa kura, akarudi nyumbani kula chakula cha mchana. Gawio alipata mara moja.

Mwaka 2005 sheria ya nchi ilibadilishwa ikamruhusu mwanahisa mwenye asilimia 90 au zaidi kuzichukua hisa za waliobaki kwa bei inayothibitishwa na mthamini, wakitaka wasitake. Barua yake ilifika vuli ya mwaka huohuo, na mimi ndiye niliyeipokea kwa mtu wa posta. Ilisema kwamba hisa zimekwisha kuhamishwa na kwamba fedha zake zinamsubiri katika tawi la benki lililotajwa. Aliikunja akaiweka droo ileile. Fedha hakwenda kuzichukua hadi karibu na Pasaka, na alipotoka benki alituambia kwamba karani wa dirishani, binti mdogo, alimuuliza hizi ni hisa za nini, kwa kuwa jina la kampuni halikuwa likimkumbusha chochote.